Jino, pembe na nanasi: Jinsi sayansi ya isotopu inavyofichua yaliyoliwa zamani

MSAFIRI anayetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika huona, kuanzia Ruiru, mashamba ya kahawa yaliyosalia katikati ya majumba mapya. Akipita Juja huona mahindi na nyasi za napier zilizopandwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Akivuka mji wa Thika hukutana na mananasi yaliyopangwa safu kwa safu hadi upeo wa macho. Kwa mkulima, hayo ni mazao ya kawaida ya eneo hilo. Kwa mtaalamu wa jiokemia ya isotopu, hizo ni njia tatu tofauti ambazo mimea hutumia kuvuta kaboni kutoka hewani, na kila njia huacha alama isiyofutika hata mmea ukiliwa, mlaji akafa, na meno yake yakageuka kuwa mawe.

Alama hiyo ndiyo iliyowawezesha watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wakishirikiana na wasomi wa Kenya, kubatilisha mojawapo ya imani zilizokita mizizi kuhusu viumbe wa jamii ya binadamu walioishi kando ya Ziwa Turkana. Mmoja wa wasomi hao ni Dkt Emma Mbua, mtaalamu wa visukuku aliyetumikia Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kwa miaka mingi kabla ya kujiunga na Chuo Kikuu cha Mount Kenya mjini Thika.

Sayansi yenyewe haijulikani sana nchini, ingawa sehemu kubwa ya sifa zake imetokana na udongo, meno, manyoya na pembe za Kenya.

Isotopu ni nini?

Atomu zote za kaboni zina protoni 6. Hata hivyo, hazina uzito sawa. Kati ya kila atomu 100 za kaboni, karibu 99 zina nyutroni 6 na huitwa kaboni-12. Takribani moja ina nyutroni 7, nayo ni kaboni-13. Zote mbili ni tulivu, yaani hazivunjiki hata miaka ikipita mingi kiasi gani. Ipo pia kaboni-14, ambayo ni adimu mno na huvunjika polepole, nusu yake ikitoweka kila baada ya miaka 5,730 hivi. Atomu hizi za elementi moja zenye uzito tofauti ndizo ziitwazo isotopu. Neno hilo lilianza kutumiwa mwaka wa 1913 na mwanakemia Mwingereza Frederick Soddy, baada ya kupendekezewa na daktari Margaret Todd, na maana yake ya asili katika Kigiriki ni "mahali pamoja", kwa kuwa isotopu zote za elementi moja hukaa katika chumba kimoja cha jedwali la elementi.

Tofauti ya uzito ni ndogo, lakini maumbile huitambua. Maji yenye atomu nzito huchelewa kuwa mvuke na hutangulia kuanguka kama mvua. Hewa ya kaboni dioksidi yenye kaboni-13 hupenya kwenye jani kwa uzito zaidi na hukamatwa na vimeng'enya kwa shida zaidi. Kwa hivyo uwiano wa isotopu nzito na nyepesi hubadilika kutoka kitu kimoja hadi kingine, na mabadiliko hayo hupimwa kwa sehemu ya elfu.

Chombo kinachotumiwa huitwa spektromita ya masi. Sampuli hugeuzwa kuwa gesi, gesi hupewa chaji ya umeme, kisha hurushwa katika uga wa sumaku. Atomu nyepesi hupinda sana, nzito hupinda kidogo, na kila kundi huangukia kwenye kipokezi chake. Mwanafizikia Mmarekani Alfred Nier ndiye aliyeboresha mashine za namna hiyo katika miaka ya 1940, na mpaka leo kanuni ni ileile.

Kahawa, mahindi na nanasi

Mimea mingi duniani, ikiwemo miti yote ya msituni isipokuwa michache sana, hutumia njia ya usanidinuru inayoitwa C3. Kahawa ya Ruiru imo katika kundi hili, pamoja na maharagwe, viazi, ndizi, ngano na mchele. Kimeng'enya chake kikuu huikataa sana kaboni-13, na matokeo yake ni kwamba kipimo cha mmea huwa karibu hasi 27 kwa elfu kikilinganishwa na kiwango cha kimataifa.

Mahindi, miwa, mtama, wimbi na nyasi za nchi za joto, napier ikiwemo, hutumia njia ya C4. Mimea hii hukamata hewa kwa kimeng'enya kingine kisichobagua sana, kisha huifungia ndani ya jani kabla ya kuitumia. Kipimo chake huwa karibu hasi 12. Nafasi kati ya hasi 27 na hasi 12 ni kubwa kiasi kwamba hakuna mashine nzuri inayoweza kuyachanganya makundi haya mawili. Sufuria ya githeri, kwa lugha ya maabara, ni mchanganyiko wa C4 na C3 katika chungu kimoja.

Nanasi ni la kundi la tatu. Mmea huu, kama mkonge na dungusi, hufungua vitundu vya majani yake usiku ili usipoteze maji mchana. Kaboni inayokusanywa gizani hutumiwa jua likichomoza. Kwa sababu hiyo kipimo cha nanasi hukaribia sana kile cha muwa, na jambo hili lina athari ambayo wafanyabiashara wa maji ya matunda wanaifahamu vyema. Mtu akichanganya sukari ya miwa katika maji ya machungwa, maabara humnasa bila taabu, kwani mchungwa ni C3 na muwa ni C4. Akifanya hila hiyohiyo katika maji ya mananasi, kipimo cha kaboni peke yake hakimwoni. Inabidi wakaguzi watumie vipimo vingine, kama vile vya haidrojeni na oksijeni. Asali nayo hulindwa kwa njia hii tangu miaka ya 1970: nyuki hukusanya zaidi kutoka kwa mimea ya C3, na sharubati ya miwa au mahindi ikiongezwa hujitambulisha mara moja.

Maabara ya Utah na mgogoro wa jivu

Katika mji wa Salt Lake City, Chuo Kikuu cha Utah kilijenga mojawapo ya vituo mashuhuri zaidi duniani vya kupima isotopu tulivu. Waasisi wake wakuu walikuwa mwanabiolojia Jim Ehleringer, aliyetoka upande wa mimea, na mwanajiolojia Thure Cerling, aliyetoka upande wa mawe. Ndoa hiyo ya taaluma mbili ndiyo siri ya mafanikio yao. Mtaalamu wa mimea alijua kwa nini jani la mhindi lina uzito wake. Mtaalamu wa mawe alijua namna uzito huo unavyohifadhiwa katika udongo kwa mamilioni ya miaka. Kuanzia miaka ya 1990 kituo hicho kimekuwa kikiendesha kozi ya kiangazi ambamo wanafunzi kutoka nchi mbalimbali hufunzwa kazi hiyo kwa vitendo, na waliopitia hapo wametapakaa katika vyuo vingi.

Cerling aliijua Turkana kabla ya kufika Utah. Akiwa bado mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, jina lake lilikuwemo katika ripoti ya mwaka wa 1975 iliyoongozwa na Garniss Curtis, ripoti iliyowasha moto mkubwa.

Chanzo chake kilikuwa tabaka la jivu la volkeno huko Koobi Fora, lijulikanalo kama KBS. Mwaka wa 1970 wataalamu wa Uingereza, Frank Fitch na Jack Miller, walikuwa wametangaza kuwa jivu hilo lina umri wa takribani miaka milioni 2.6. Mwaka wa 1972, Mkenya Bernard Ngeneo, aliyekuwa katika kikosi cha Richard Leakey, aligundua vipande vya fuvu lililopewa nambari 1470, chini ya tabaka hilo. Kama jivu lilikuwa na miaka milioni 2.6, basi fuvu lilikuwa la kale zaidi ya hapo, na historia nzima ya jenasi ya binadamu ingehitaji kuandikwa upya.

Wataalamu wa visukuku vya nguruwe hawakuridhika. Nguruwe waliopatikana Koobi Fora walifanana na wale wa bonde la Omo, Ethiopia, waliokuwa katika matabaka ya umri mdogo zaidi. Maabara ya Berkeley ilipopima jivu upya ilipata umri wa miaka milioni 1.6 na milioni 1.8. Mzozo uliendelea kwa miaka kadhaa, mpaka Ian McDougall wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alipohitimisha hesabu mwanzoni mwa miaka ya 1980: takribani miaka milioni 1.88.

Kosa lilitoka wapi? Njia iliyotumika hutegemea potasiamu-40, ambayo huvunjika na kuwa gesi ya agoni iliyonaswa ndani ya chembe za madini. Mlima unapolipuka, chembe mpya huanza kuhesabu upya. Lakini mto ukisomba jivu, huchanganya chembe hizo na nyingine za kale zaidi, na mashine hupima mchanganyiko. Mashine haikudanganya, iliulizwa swali kuhusu mchanga usio safi. Wakazi wa Juja wana mfano karibu nao. Mawe ya Ndarugo, yaliyojengea nyumba nyingi za Nairobi na Kiambu, ni jivu la volkeno lililogandamana, na anayelikata huona kwa macho vipande vya aina mbalimbali vilivyoshikana ndani ya jiwe moja.

Frank Brown, mwanajiolojia mwingine wa Utah aliyefariki mwaka wa 2017, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulinganisha matabaka ya jivu ya Turkana na Omo moja baada ya jingine. Bila ramani yake ya majivu, vipimo vyote vya kaboni vilivyofuata visingekuwa na tarehe za kuaminika.

"Mvunja njugu" aliyekula nyasi

Julai 1959, Mary Leakey aligundua katika Bonde la Olduvai, Tanzania, fuvu la kiumbe mwenye taya nene na magego makubwa kupindukia. Magazeti yalimbatiza jina la mvunja njugu. Ilionekana dhahiri kuwa meno kama hayo yalikuwa ya kupasulia kokwa na njugu ngumu. Kiumbe huyo, Paranthropus boisei, aliishi pia Turkana na Baringo.

Kwa miaka 50 karibu kila kitabu cha shule kilirudia maelezo hayo. Mwaka wa 2008 vipimo vya meno ya viumbe wawili kutoka Tanzania vilianza kuleta shaka. Kisha mwaka wa 2011, Cerling, Mbua, Francis Kirera, Fredrick Kyalo Manthi, Meave Leakey, Kevin Uno na wenzao walichapisha matokeo ya meno ya boisei 22 waliopatikana Kenya, wenye umri wa kati ya miaka milioni 1.4 na 1.9.

Njia yao inafaa kuelezwa, kwa kuwa ndiyo moyo wa kazi nzima. Jino lina tabaka la nje, enameli, lililo gumu kuliko mfupa. Ndani yake mna kaboni kidogo iliyotoka katika chakula wakati jino likikua, na kwa sababu ya ugumu huo haibadiliki kirahisi likifukiwa ardhini. Mtafiti hukwaruza miligramu chache za unga kwa keekee ndogo kama ya daktari wa meno, na kwa kadiri inavyowezekana huchagua upande uliokwisha kuvunjika ili asiharibu umbo. Unga hutiwa asidi ya fosforasi, hutoa kaboni dioksidi, nayo hupimwa. Enameli ya mnyama mkubwa huwa juu ya chakula chake kwa takribani sehemu 14 kwa elfu. Mla majani ya miti hupata karibu hasi 13, na mla nyasi mtupu hupata karibu chanya 2.

Meno ya boisei yalitoa wastani wa hasi 1.3. Hesabu ikifanywa, zaidi ya robo tatu ya mlo wake, yaani takribani asilimia 77, ilitokana na mimea ya C4. Njugu na matunda ya miti ni C3. Kiumbe huyu hakuwa akivunja njugu kutwa kucha. Alikuwa akitafuna nyasi, au mafunjo ya kandokando ya maji, kwa saa nyingi, na magego yake mapana yalikuwa mawe ya kusagia wala si nyundo. Miongoni mwa jamaa wa binadamu hakuna mwingine anayejulikana aliyeegemea mlo huo kiasi hicho. Ni mmea upi hasa uliokuwa chakula chake kikuu, nyasi au mafunjo, hilo bado linabishaniwa, maana kaboni hutaja kundi la mmea bila kutaja jina lake.

Mwaka wa 2013 kikundi kilekile kilipanua kazi hadi viumbe wengine wa Turkana. Wale wa miaka milioni 4 iliyopita walikuwa wakila karibu vyakula vya C3 pekee. Kufikia miaka milioni 3.5 hivi, walianza kuchanganya. Badiliko hilo lilikuja muda mrefu baada ya wanyama wengine: utafiti wa Uno wa mwaka wa 2011 ulionyesha kuwa jamaa wa farasi na punda milia wa Afrika Mashariki walianza kula nyasi za C4 karibu miaka milioni 9.9 iliyopita.

Kazi ya Thika

Dkt Mbua alipohamia Thika hakuziacha isotopu. Mwaka wa 2016, akiwa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, aliongoza ripoti kuhusu Kantis, eneo lililo karibu na Ongata Rongai katika Kaunti ya Kajiado. Hapo walipata, wakishirikiana na watafiti wa Japani, mabaki ya Australopithecus afarensis, spishi ileile ya "Lucy" wa Ethiopia, yenye umri wa takribani miaka milioni 3.5.

Umuhimu wa Kantis uko katika mahali palipo. Visukuku vingi vya binadamu wa kale Afrika Mashariki vimetoka sakafuni mwa Bonde la Ufa, penye joto na maziwa. Kantis iko juu, kwenye bega la bonde, katika nyanda za juu. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kudhani kuwa viumbe hao hawakupanda huko. Vipimo vya kaboni katika meno ya wanyama waliopatikana pamoja nao viliongeza jambo jingine: mazingira ya Kantis yalikuwa na nyasi za C4 nyingi zaidi kuliko maeneo ya sakafuni ya wakati huo. Wengi wangetarajia kinyume, yaani milimani misitu na bondeni nyasi.

Kwamba kazi hiyo iliongozwa kutoka Thika si jambo dogo. Chuo kilipata hati yake ya kuidhinishwa mwaka wa 2011, miaka mitano tu kabla ya ripoti ya Kantis. Jirani yake huko Juja, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilianza kupokea wanafunzi mwaka wa 1981 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994. Eneo la kati ya Ruiru na Thika halina upungufu wa wanasayansi.

Unywele wa ndovu na pembe ya magendo

Si lazima kitu kiwe cha kale ndipo isotopu zikisome. Unywele wa mkia wa ndovu hukua kwa chini kidogo ya milimita moja kwa siku. Ukikatwa vipande vidogo, kila kipande ni chakula cha siku chache, na unywele mrefu ni kumbukumbu ya zaidi ya mwaka.

Cerling, George Wittemyer, Iain Douglas-Hamilton na wenzao walifanya hivyo kwa ndovu wa Samburu waliokuwa wamefungwa vifaa vya setilaiti shingoni, na kuchapisha matokeo mwaka wa 2006. Ndovu wakazi walionyesha mpangilio ulioeleweka: mvua ikinyesha walikula nyasi changa, kiangazi kikiingia walirudia majani ya miti. Dume mmoja alikataa kufuata mpangilio huo. Nitrojeni katika unywele wake ilionyesha kuwa alikuwa akienda maeneo yenye mvua zaidi, na kaboni ilionyesha C4 wakati ambapo hakupaswa kuwa nayo. Setilaiti ilithibitisha safari zake. Alikuwa akivamia mashamba ya watu. Mkulima aliyepoteza mahindi usiku mmoja hakuwa na shahidi, kumbe shahidi alikuwa mkiani mwa mwizi.

Pembe zilihitaji njia nyingine. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani hadi karibu mara mbili katika nusu ya kaskazini ya dunia. Baada ya mkataba wa mwaka wa 1963 wa kupiga marufuku majaribio ya angani, kiwango hicho kimekuwa kikishuka kila mwaka kwa mwendo unaojulikana. Kwa hivyo kiumbe aliyeishi tangu wakati huo hubeba mwilini tarehe yake. Uno na Cerling walieleza mbinu hiyo kikamilifu mwaka wa 2013. Mwaka wa 2016 waliitumia kwa sampuli 231 za pembe kutoka shehena 14 zilizonaswa kati ya 2002 na 2014.

Swali lilikuwa zito kisheria. Wauzaji na baadhi ya serikali walikuwa wakidai kuwa pembe zinazonaswa ni za zamani, zilizochomolewa katika maghala. Matokeo yalikuwa kwamba takribani asilimia 90 ya pembe zilitoka kwa ndovu waliokufa chini ya miaka mitatu kabla ya kunaswa kwa shehena. Hazikuwa za maghala. Zilikuwa za ndovu waliotoka kuuawa. Kenya iliteketeza tani 105 za pembe mnamo Aprili 30 mwaka huohuo wa 2016, miaka 27 baada ya Rais Daniel arap Moi kuwasha moto wa kwanza wa namna hiyo wa tani 12.

Maji ya bomba na maji ya kisima

Kwa mkazi wa Ruiru leo, huenda meno ya Turkana yakawa mbali. Maji hayako mbali. Bwawa la Ruiru limekuwa likichangia maji ya Nairobi tangu karibu mwaka wa 1950, na lile la Ndakaini, juu ya mto Thika, lilikamilika mwaka wa 1994 likiwa na uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Maji hayo hupita karibu na wakazi yakielekea jijini, na wengi wao huishia kuchimba visima.

Je, maji ya kisima yanatoka wapi, na yanarudishwa na mvua kwa kasi gani? Oksijeni na haidrojeni hujibu swali la kwanza. Kadiri wingu linavyopanda mlima, ndivyo linavyopoteza isotopu nzito, hivyo mvua ya Nyandarua, ambako vilele hupita mita 3,900, huwa nyepesi kuliko mvua ya Thika iliyo karibu na mita 1,500. Maji ya kisima cha Juja yakiwa na wepesi wa mlimani, yalinyesha mlimani. Swali la pili hujibiwa na tritiamu, isotopu ya haidrojeni inayopungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, na kwa maji ya kale zaidi, na kaboni-14. Maji yasiyo na tritiamu kabisa yalinyesha kabla ya enzi za mabomu. Anayeyavuta huwa anatoa akiba isiyorudishwa katika umri wake.

Njia hii si nadharia. Huko Naivasha, watu walistaajabu kwa miaka mingi kwa nini ziwa lisilo na mto wa kutokea lina maji matamu. Maji ya ziwa huwa mazito kwa sababu ya kuvukizwa na jua, na uzito huohuo ukapatikana chini ya ardhi kusini mwake, hata katika visima vya mvuke vya Olkaria. Ziwa huvuja kwa chini na kubeba chumvi zake. Utafiti uliolieleza hilo kwa isotopu ulichapishwa mwaka wa 1990. Tangu mwaka wa 1961, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki pamoja na lile la Hali ya Hewa Duniani yamekuwa yakikusanya vipimo vya mvua kutoka vituo mbalimbali, Entebbe na Addis Ababa vikiwemo, ili watafiti wapate kigezo cha kulinganishia.

Udongo unaosombwa

Ruiru inajulikana kwa wakulima wa kahawa kote nchini kutokana na kituo chake cha utafiti, kilichotoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985 ili kukabili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Kahawa ya Kenya hununuliwa kwa bei ya juu, na kitu cha bei ya juu huigwa. Oksijeni iliyo ndani ya buni hufuata mvua ya mahali mti ulipo, na elementi ya strontiamu hufuata mwamba ulio chini ya mti. Maabara za ng'ambo zimekuwa zikitumia vipimo hivyo kubainisha asili ya kahawa. Ugumu ni kwamba ili mtu aseme buni fulani haikutoka Kiambu, ni lazima awe na vipimo vingi vya buni zilizotoka Kiambu kwa hakika, za misimu na miinuko tofauti. Benki hiyo ya vipimo hujengwa shambani, na mashamba yanapungua. Tatu City, mji unaojengwa Ruiru tangu mradi wake ulipozinduliwa mwaka wa 2010, umesimama juu ya ardhi iliyokuwa ya kahawa, na si mradi pekee wa aina hiyo kandokando ya barabara ya Thika.

Udongo wenyewe una kumbukumbu. Mboji ya tabaka la juu hubeba kaboni ya mimea ya karibuni. Ya chini hubeba ya karne zilizopita. Mtu akipima sentimita kwa sentimita anaweza kujua kama pale palikuwa msitu au mbuga kabla ya kahawa kupandwa. Tingatinga likishakwangua mita moja na lori likaubwaga udongo huo kwingine, mpangilio huo haupatikani tena, hata mashine ikiwa bora namna gani.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka wa 2006 inataka kibali kabla ya sampuli ya turathi kutolewa nchini, na mtafiti huhitaji pia leseni ya tume ya taifa ya sayansi. Ndiyo sababu ripoti nyingi za meno ya Turkana zina majina ya Wakenya na ya wageni bega kwa bega: jino huhifadhiwa Nairobi, unga wake husafiri. Unga hautumiki mara mbili. Kinachobaki nchini ni jino lenye mfuo mdogo ubavuni, pamoja na nambari iliyoandikwa katika jarida la ng'ambo. Spektromita ya masi ni ghali kununua na huhitaji umeme usiokatika, gesi safi na fundi wa kuihudumia kila siku. Kwa miongo mingi gharama hiyo, kuliko uhaba wa wasomi, ndiyo iliyoamua ni wapi kipimo kifanyike.